Madame Verna na Mawe ya Shinkolobwe

Bruxelles, 12 Oktoba 2025

Papa wangu mpendwa,

Jambo kwako, jambo kwa maman, na jambo kwa kila anayeishi uani kwenye parcelle yetu pale Kikula. Mguu wako unaendeleaje? Maman aliniambia kwamba sasa unafika mpaka barabarani bila fimbo, nami nilifurahi kwa sauti hata watu wa kwenye tram wakanigeukia. Je, mvua imeanza Likasi? Huku majani yanadondoka na baridi imeshaanza kuingia kwenye mikono ya koti. Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nalala vizuri, na kila Jumapili napitia soko la Gare du Midi kununua majani ya sombe na samaki kabla ya ibada.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati tunaongea kwenye simu kila wiki. Bon, Papa, kuna maneno ambayo siyawezi kwenye simu. Ukikohoa tu, nasahau yote niliyopanga kusema. Donc nimekaa mezani tangu tulipotoka kanisani, na sitainuka mpaka nimalize. Tonton Arnaud anapanda ndege ya Lubumbashi kesho kutwa, ndiye atakayekuletea. Nakuomba uisome yote kabla ya kukasirika.

Unajua kwamba ninatunza wazee katika makao yao huko Berchem-Sainte-Agathe. Nisichokuambia ni habari za mama mmoja wa pale, anaitwa Madame Verna. Ni Mmarekani, ana miaka mia moja na mmoja. Baada ya vita aliolewa na Mbelgiji aliyekuwa amekwenda kusoma kwao, wakaja kuishi huku. Watoto hawakupata, na bwana alikufa zamani. Ya jana ameyasahau. Ukimuuliza asubuhi amekula nini, atakuambia bado anasubiri kahawa, na kikombe kitupu kiko mbele yake. Lakini ya ujana wake anayaona kama yanapita dirishani. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilipewa kazi ya kumwosha na kumchana nywele, na tangu siku ile, kitana kikigusa kichwa chake tu, anaanza kusimulia.

Papa, historia ya Amerika niliisoma shuleni na mtihani nikapasi. Nilikariri miaka na majina. Ila sikuwa nimekutana na mtu aliyeyapitia yale kwa miguu yake mwenyewe, akatoka upande wa pili akiwa hai na anadai sukari ya pili katika chai.

Alizaliwa Tennessee, sehemu ya milima. Baba yake alikuwa na duka la redio wakati redio ilikuwa kitu kipya, na jioni watu walikuja na viti vyao wakakaa mbele ya duka kusikiliza muziki unaopigwa katika mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona. Anasema miaka ile kila kitu kilikuwa kinapanda: majengo, magari, hata sketi za wanawake. Baba yake aliamini kwamba nchi yao imegundua dawa ya umaskini na kwamba haitaugua tena. Kisha asubuhi moja benki ya mji haikufungua mlango. Verna alikuwa na miaka sita. Anakumbuka wanaume waliovaa kofia wamesimama barabarani wakiutazama mlango ule, hakuna anayepiga kelele, na baba yake amemshika mkono kwa nguvu mpaka vidole vinamuuma, naye hakuthubutu kumwambia.

Duka likaenda, nyumba ikaenda. Walirudi kwa bibi yake bondeni, wakalima mahindi na maharage. Kila siku walipita njiani watu wanaotafuta kazi, watu wazima wenye elimu, wengine na viatu vilivyofungwa kwa kamba. Bibi alimpa kila mmoja sahani. Kisha ikaja serikali mpya, na rais wao akaanza kuongea na raia kwenye redio, na yule bibi, ambaye tangu azaliwe hakumwamini mtu yeyote wa serikali, alivua aproni yake kabla ya kukaa kumsikiliza. Nilicheka mpaka kitana kikaanguka.

Lakini serikali hiyohiyo ilituma wahandisi waliosema kwamba bonde lote litafunikwa na maji ili upatikane umeme. Wakahamisha watu, wakahamisha makanisa, wakafukua makaburi moja baada ya jingine na kuyapeleka mlimani. Nilikumbuka habari ulizokuwa unatusimulia za watu waliohamishwa kwa ajili ya bwawa la Mwadingusha kwetu, nikashangaa kwamba na wazungu walikuwa wanafanyiana hivyo wenyewe kwa wenyewe. Walipopewa nyumba nyingine, siku moja taa ikawaka. Verna alikuwa na miaka kumi na miwili. Anasema bibi yake alikaa chini ya ile taa akaitazama mikono yake muda mrefu, halafu akasema hakujua kwamba imezeeka kiasi kile.

Vita vilipokuja, Papa, walihamishwa tena. Safari hii serikali ilipigilia karatasi mlangoni, ikawapa wiki chache tu. Na mahali pa mashamba ukajengwa mji. Ndani ya miaka mitatu ukafika watu elfu sabini na tano, na haukuwa kwenye ramani yoyote. Verna alipata kazi humo akiwa na miaka kumi na tisa. Walimkalisha kwenye kiti kirefu mbele ya ukuta wa mishale ya vipimo na vifundo vya kuzungusha, wasichana wamepangwa mstari mpaka mwisho wa macho, wakamwambia mshale wako usipite hapa na usishuke hapa. Basi. Kuuliza kazi hiyo ni ya nini ilikuwa marufuku. Aliyekuwa jirani yake aliuliza, na kesho yake kiti chake kilikaliwa na mwingine. Katika jengo lile mlikuwa na sumaku kubwa kiasi kwamba ukipita karibu, pini zinachomoka nywelini na kuruka. Wasichana wa vijijini, Papa, ambao miaka michache kabla walikuwa wanasomea taa ya mafuta!

Alinisimulia pia kwamba waliofagia pale walikuwa mama weusi, na kwamba wao walilazwa kwenye vibanda vya mbao, wake upande mmoja wa uzio, waume upande mwingine. Mmoja alifagia chini ya kiti chake kila siku kwa miaka miwili. Verna alisema, "Nilikuwa nainua miguu ili apite. Jina lake sikuwahi kumuuliza."

Nakuambia ukweli, nilikuwa natoka chumbani mwake kichwa kikizunguka. Nilijiuliza kifua kimoja cha mtu kinawezaje kubeba vyote hivyo. Kule kwingine kote kazini ni vidonge na mashuka. Chumbani mwake nilikuwa naona dunia inabadilika upande mmoja hadi mwingine kabla ya saa nne asubuhi. Nilimpenda, Papa. Lazima ulijue hilo kwanza.

Kiwanda kile kilitengeneza nini, hakuwa amesema, nami sikuuliza. Mpaka tarehe sita ya mwezi wa nane. Siku ile televisheni ya sebuleni ilionyesha kule Japani wanavyokumbuka miaka themanini tangu bomu lilipoanguka. Wazee walikuwa wanakula. Mimi nilikuwa na sahani ya viazi vya Madame Verna mkononi. Akaniomba nigeuze kiti chake kisitazame televisheni, na nilipokigeuza akasema kwa sauti ndogo, "Ile ni kazi yetu. Ile ndiyo mishale."

Akaeleza. Siku ile ya mwaka arobaini na tano walitangaziwa kwenye redio, na ndipo wasichana wote wakajua kwa mara ya kwanza walikuwa wanafanya nini. Walitoka barabarani wakacheza dansi. Yeye alicheza kuliko wote, kwa sababu kaka yake alikuwa kwenye meli upande ule, na sasa atarudi. Na kweli alirudi. "Nilicheza, Mbombo," alisema, "na kule watoto walikuwa wanatembea na ngozi yao mikononi. Nilicheza kabla ya kujua, lakini na baada ya kujua nilifurahi kwamba kaka amerudi. Yote mawili ni yangu." Halafu akasema baadaye waliambiwa kwamba mawe mengi ya urani yaliyotengeneza bomu lile yalitoka Kongo. Akanitazama. Akaniuliza kama ninapajua mahali hapo.

Papa, nilisema hapana. Nilisema mimi ni mtu wa Kinshasa.

Mimi, mtoto wa Likasi, mjukuu wa Kyungu Mwamba aliyechagua mawe ya Shinkolobwe kwa mikono mitupu, nilikana kwetu mbele ya sahani ya viazi. Mwenyewe sijui kwa nini. Ilikuwa kama mtu amefungua mlango na kumbe nyuma yake mmesimama nyinyi wote. Sote Likasi tunajua mawe yale yalikwenda wapi, tumekua tukijua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukuta kwamba mikono iliyoyapokea ndiyo unayoikata kucha kila Ijumaa ni kitu kingine.

Wiki mbili sikuingia chumbani kwake. Nilibadilishana na Jémima, dada wa Bukavu tunayefanya naye kazi. Nilisema mgongo unaniuma. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua impige nani: yeye alikuwa msichana aliyekatazwa kuuliza, kama Mzee Kyungu alivyokuwa kijana aliyekatazwa kusema. Mwishoni Jémima alinifungia njia kwenye korido, akaniambia, "Mbombo, ule mama anakuulizia kila siku. Hakubali nimuchane. Minamwambia uko mugonjwa. Alors, nitamudanganya mpaka lini?"

Nikarudi. Nilifunga mlango, nikakaa mbele yake badala ya nyuma yake, nikamwambia kwamba nimemdanganya. Nikamwambia kuhusu Mzee. Kwamba alichukuliwa mwaka arobaini na tatu, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Kwamba walichagua mawe meusi, wakayajaza kwenye magunia, na magunia yakapanda treni, na hakuna aliyewaambia yanakwenda wapi. Kwamba walionywa wasiseme neno nje, naye akatii mpaka mwisho, hata kwako wewe mwanawe. Kwamba ulipomuuliza ulipokuwa mdogo, alijibu neno moja tu: mawe. Kwamba alikufa mwaka sitini na tisa kwa kukohoa, na wewe umeandika barua mara mbili kuuliza kama jina lake liko kwenye orodha yoyote, na hujajibiwa.

Nilitegemea atalia, lakini hakulia. Kisha aliomba nimtajie jina la Mzee. Nikalitaja. Akajaribu kulisema, likamshinda, akajaribu tena. Asubuhi nzima alikuwa anajifunza jina hilo, meno yake ya bandia yanagongana, na nilipotoka kwenda kwa wazee wengine nilimsikia bado analisema peke yake. Yule asiyekumbuka kahawa ya asubuhi, Papa, kesho yake nilipoingia alinisalimu kwa kusema, "Kyungu Mwamba." Wauguzi walishangaa.

Sasa nafika pale ninapoogopa kufika.

Ile Jumapili ya pili ya Septemba ulipigiwa simu isiyoonyesha namba. Ukasikia mama mzee wa Kizungu anasema jina la baba yako, kisha anasema "aksanti", kisha anasema "utusamehe", na ulipouliza ni nani, hukujibiwa. Ukasikia mtu analia, na simu ikakatika. Dakika chache baadaye ulinipigia mimi. Sauti yako sikuwa nimeisikia hivyo tangu kifo cha mdogo wangu. Ulisema, "Mbombo, Mzee ameniita kwa kinywa cha mama mwingine." Nami nilikujibu kwamba ni watu waliokosea namba.

Haikuwa namba iliyokosewa. Ni mimi niliyeibonyeza, kwenye simu ya chumba chake. Aliniomba wiki nzima nimruhusu amwambie mwana wa Kyungu maneno mawili, na nilimfundisha maneno hayo mwenyewe, na sikukuomba ruhusa kwa sababu niliogopa utakataa. Masikio yake hayakukusikia ulipouliza. Alipoanza kulia nilitaharuki, nikakata. Na wewe uliponipigia, niliona haya, nikasema uongo, na uongo ule nimeuacha nyumbani kwako mwezi mzima.

Maman ameniambia yaliyofuata. Kwamba Pasteur alikuja siku tatu kuiombea nyumba. Kwamba ulifunga, wewe mwenye ugonjwa wa sukari, daktari amekukataza. Kwamba mpaka leo unakula kidogo tu na unakaa nje ukitazama barabara inayokwenda Shinkolobwe. Papa, haikuwa roho. Mwambie Pasteur apumzike. Alikuwa mama wa miaka mia moja na mmoja, na mimi mtoto wako nyuma yake. Nisamehe. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, nitasikiliza mpaka umalize.

Lakini bado kuna jambo moja, na ndilo hasa limenikalisha mezani.

Siku ile nilipomweleza, baada ya kujifunza jina, Madame Verna aliniuliza Mzee alikuwa mtu wa namna gani. Nikaanza: alichagua mawe, alikohoa, alikufa. Akanikatiza kwa kiganja. Akasema hiyo ni kazi na kifo. Alikuwa mtu gani? Alikuwa anacheka? Alipenda kula nini? Alikuwa anaimba akioga? Akikasirika, alinyamaza au alipiga kelele? Alimpendaje mke wake?

Nina miaka arobaini na moja, Papa. Najua mkono wa bibi yake Verna ulivyoonekana chini ya taa ya umeme huko Tennessee, na sijui sauti ya babu yangu. Tangu nizaliwe uko mbele yangu, wewe uliyelala kwenye mkeka mmoja naye, na sikuwahi kukuuliza. Nilifikiri kwa sababu najua mawe yalikwenda wapi, basi namjua na aliyeyabeba.

Madame Verna ameomba kuongea nawe tena. Nimemwambia kwamba huko mtandao ni mbaya, nao ni uongo mwingine, naufuta hapa. Jumapili ijayo, saa kumi za alasiri, nitakupigia mwenyewe kwa namba yangu, nikiwa naye. Kwa sasa saa zetu zinalingana. Ukiona hutaki, usipokee, hakuna atakayekulaumu, na yeye ataelewa. Ukipokea, hatasema mengi. Amejifunza swali moja tu, nimemwandikia kwa herufi kubwa, na nimeliandika kwa Kiswahili chetu cha nyumbani ili ulisikie vizuri: "Papa yako alikuwa muntu gani?" Masikio yake ni mabaya, donc utalazimika kumjibu kwa sauti kubwa na polepole. Nitakaa karibu naye kumtafsiria. Chukua muda wako. Hata ikiwa ni mpaka giza liingie, sisi wawili tutakuwa tunasikiliza.

Msalimie maman sana, mwambie kitenge chake nimekipata kwenye duka moja karibu na Chaussée d'Ixelles na Tonton Arnaud anacho. Wasalimie majirani na Pasteur, na umwombe radhi kwa niaba yangu. Mungu awalinde nyote chini ya paa hilo.

Na tafadhali, Papa, kula.

Binti yako anayekupenda,
Mbombo